Mlango wa Buluu

Jumatatu, 26 Februari 1968. Migori.

Mkono wa pili wa rangi ya kijivu umekauka vizuri. Hakuna vumbi. Nilikuwa nimelifunika gari langu dogo kwa bilauri, na mke wangu, Min Atieno, ameuliza tena kwa nini gari linakaa ndani ya bilauri na wageni wanakunywa kwa mkebe.

Leo mlango. Wa nyuma, kushoto, buluu. Gari lenyewe nililiona wiki jana kwenye pampu ya petroli hapa mjini: kijivu kote, isipokuwa mlango huo mmoja uliotolewa kwenye gari jingine. Mtu wa pampu alisema fahali huko Ukuria aliupiga ule wa kwanza kwa pembe. Mwenye gari sikumwona, wala sikumtafuta. Nilichokiona ni mlango.

Sipaki gari la kubuni. Kigari kinatoka dukani chekundu, kinang'aa kama hotuba ya waziri. Nakichuna kwa dawa kali ya kutengenezea sabuni mpaka chuma kionekane, kisha nakipa uso wa gari ninalolijua. Mbonyeo, kutu, taa iliyopasuka. Bampa nalikata kwenye mkebe wa samaki. Burashi ya mwisho ina nywele tatu za paka.

Jioni rafiki yangu Okelo alipita. Alinikuta nimeinama juu ya mlango ule, ulimi nje. Akasema, "Omera, ndugu yangu, serikali inakuogopa bure." Asubuhi alikuwa sokoni akiwaambia watu wasitie kidole gumba kwenye karatasi za mashamba wasizoweza kuzisoma. Mimi huandika barua magazetini, yeye husema. Nimemwambia watu wanamsikiliza kwa sababu ana sauti nzuri, si kwa sababu wanaelewa. Akacheka. Hakasiriki huyu. Mimi hukasirika kwa niaba yetu sote wawili.

Nabishana na ulimwengu tangu alfajiri. Gari halibishi. Ndiyo maana.

Jumatano, 28 Februari.

Sanduku limeondoka. Kina mama wa kanisa wamelibeba kwenye lori pamoja na vikapu na vyungu vyao, kwenda Homa Bay, kwenye maonyesho ya kilimo na ufundi. Magari yangu yote yamo. Nimeyafunga kwa magazeti yenye barua zangu. Hatimaye barua hizo zimepata kazi ya maana.

Jina langu nimeliandika kwenye kadi kwa herufi kubwa. Nina majivuno. Mtu asiye na majivuno haandiki hata mstari.

Ijumaa, 1 Machi.

Okelo hajaonekana tangu jana. Chifu anatangaza sokoni kwamba amevuka mpaka Isebania na mwanamke. Uongo wa kivivu. Okelo havuki hata mtaro bila kumwambia mkewe. Nimemwambia chifu hivyo, mbele ya watu, kwa sauti. Akanitazama tu. Zamani angejibu.

Jumapili, 3 Machi.

Baada ya kanisa amekuja mke wa Okelo. Sote tunamwita Nyar Rusinga, kwa kuwa ametoka kisiwani huko. Hakulia. Alizungumza akiwa amekaza macho kwenye mikono yake.

Alhamisi alikuwa akipalilia. Akaona gari limesimama kando ya barabara, wanaume wawili, Okelo katikati yao. Rangi ya majivu, amesema. Mlango mmoja rangi ya mbingu. Kwa mlango huo walimwingiza.

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nikakiweka chini.

Amekwisha kumwambia chifu. Chifu amejibu kwamba gari la namna hiyo halipo wilaya nzima, kwamba mwanamke aliyeachwa huona mambo. Ameniuliza, "Mwalimu, ninaona mambo?"

Nikasema hapana. Zaidi ya hapo sikumwambia kitu. Lipo. Nimelipaka mimi, mikono miwili ya kijivu na mmoja wa buluu, na liko Homa Bay likiwa na jina langu kwa herufi kubwa.

Jumatatu, 4 Machi.

Naogopa. Naandika neno hili mara moja ili nilizoee.

Mwaka juzi niliandika kurasa nzima juu ya waoga. Niliwaita watu wanaokufa wakiwa wamefunga mdomo ili nzi asiingie. Watu walinipongeza. Leo pikipiki ya mhubiri imepita barabarani nikaangusha burashi.

Nafikiri hivi. Wenye gari hawajui kwamba kuna mtu aliyeliona vizuri kiasi cha kulirudia. Wakiona kigari watajua. Watadhani nimekipaka makusudi, niwashitaki hadharani. Ni jambo ambalo mtu kama mimi angelifanya. Nikisema nilipenda mlango tu, nani ataniamini? Sifa zangu zote zitasimama kunishuhudia vibaya.

Alhamisi, 7 Machi.

Nimekwenda Homa Bay kuchukua sanduku. Ukumbi umefungwa mpaka Jumamosi. Mlinzi alikuwa na adabu zote: "Mzee, vitu vimekwisha kupangwa. Wewe ukitoa chako, na mwenye mbuzi atataka mbuzi wake."

Nikachungulia dirishani. Meza ya mbele, kitambaa cheupe. Wamekiweka kigari kile mbele ya vingine, ubavu wa kushoto ukitazama mlangoni. Mtu mwenye jicho zuri amepanga meza ile. Mungu amsamehe.

Jumamosi, 9 Machi. Homa Bay.

Niandike yote wakati bado nayakumbuka sawasawa.

Nilifika kabla ya kufunguliwa. Nilitaka kukitia kigari mfukoni, basi. Nikakuta kina mama wa kanisa wamejaa mezani, wakiwaeleza watu kwamba fundi ni wa kanisa lao, leo mimi ni wao, wala si mpagani tena. Nyar Rusinga alikuwa miongoni mwao na kikapu. Alikuja kwa sababu maofisa wangekuwepo na alitaka kumwuliza kila mmoja wao. Alikuwa amekwisha kukiona kigari. Alinitazama mimi, kisha kigari, kisha mimi. Sina maneno ya mtazamo ule, na maneno ndiyo kazi yangu.

Kabla sijafungua kinywa maofisa wakaingia, mikono nyuma, wakinusa maboga. Mmoja akasimama mezani kwetu. Mtu mnene kidogo, viatu vinang'aa, uso wa mjomba mpole. Inspekta, walimwita wenzake. Akainama. Akacheka kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyekuta picha yake gazetini.

"Njooni muone. Hili si gari langu? Tazameni mlango. Hata mlango."

Mwenzake mmoja akamgusa kiwiko. Hakusikia. Alikuwa amekwisha kulishika, analigeuza, anawaonyesha watu.

Nyar Rusinga akasema, "Ni lako, Bwana?"

"Langu, mama. Hakuna jingine kama hili wilaya nzima."

"Basi ndilo lililomchukua mume wangu Alhamisi ile. Okelo wa Migori. Nilitaka kuuliza analala wapi."

Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza samaki wa leo ni bei gani. Wala hakupaza. Lakini meza ile ilikuwa na watu wengi, na kina mama wa kanisa wakaacha kuongea wote kwa pamoja, jambo ambalo sijapata kuliona.

Tabasamu la Inspekta likabaki usoni, halina wa kulishika. Akalirudisha gari kwenye kitambaa taratibu, magurudumu manne yakagusa pamoja. Akasoma kadi. Akaisoma mara ya pili. Akatoka.

Nilipata zawadi ya kwanza ya ufundi. Sikupanda jukwaani kuipokea.

Jumapili, 10 Machi. Migori.

Kigari cha mlango wa buluu hakikurudi na vingine. Hakuna anayejua kilikokwenda.

Kanisani mchungaji amemwombea Okelo kwa jina. Wiki jana hakuthubutu. Kina mama wameamua kurudi Homa Bay kesho, waketi nje ya ofisi ya Inspekta na vikapu vyao mpaka waambiwe alipo. Hawakuuliza ushauri wangu. Nilikuwa nao tayari. Nilitaka kuwaambia wasiende.

Jumanne, 12 Machi.

Inspekta amekuja mchana, peke yake.

Nililiona gari kabla yake. Limepakwa kijivu kote, mlango nao. Niliogopa, na bado jicho likaona: kazi mbaya, hawakusugua kwanza, rangi imetiririka chini ya kitasa. Mtu ni kitu cha ajabu.

Akatoa kigari mfukoni, kimefungwa kwenye leso safi.

"Mwalimu, hiki kimepitwa na wakati. Nataka kifanane na gari langu. Nitakiweka mezani kwangu."

Nikamwambia aniachie, rangi ya mafuta hukauka kwa siku nzima.

"Nitangoja. Mama ana chai?"

Akaketi barazani. Min Atieno akachemsha chai. Nikakaa na kigari, na mtu yule akinywa nyuma yangu, na rangi ya mafuta isingekauka hata angekunywa birika zima. Basi nikafanya lililowezekana. Chokaa, masizi ya sufuria, maji ya uji mwepesi ili ishike. Ndiyo rangi wanayopaka kuta za vijijini. Nikaichanganya mpaka ikawa kijivu kilekile. Burashi ilipogusa mlango, mkono ukatulia. Nikakiweka juani. Kikombe chake cha pili hakijaisha, kigari kikawa kikavu. Huwezi kuona mahali buluu ilipokuwa.

Lakini kwa kidole chenye maji huondoka. Sikumwambia.

Akakitazama, akakisifu. Anapenda kweli, hilo ndilo baya zaidi. Aliuliza madirisha nayatengenezaje. Nikamweleza. Tulizungumza juu ya madirisha kama marafiki.

Akiwa amekwisha kuwasha gari akasema, "Barua zako nazisoma, Mwalimu. Zote. Una Kiswahili kizuri."

Alhamisi, 14 Machi.

Joto. Homa Bay ni joto zaidi. Mtu mnene anayekunywa chai moto hivyo ana viganja vyenye jasho, na jasho ni maji. Sikulifikiria hilo. Nimelifikiria tangu juzi na sijafikiria kingine.

Nimewaza kwenda kumwambia nimesahau kupaka vanishi. Nikatoka hadi barabarani. Nikarudi.

Nimechoma karatasi zetu zote, zangu na za Okelo. Min Atieno akaja uani akauliza ninachoma nini.

"Woga," nikasema.

"Basi kuni hazitatosha." Akarudi jikoni.

Jumamosi, 16 Machi.

Sijaandika barua yoyote wiki hii. Hakuna aliyeuliza.

Jumatatu, 18 Machi.

Kina mama wamerudi kutoka Homa Bay. Wamekaa pale wiki nzima, wakilala kwa waumini wenzao, asubuhi wanarudi na vikapu. Leo karani ametoka nje akasema mke wa Okelo alete blanketi na sweta.

Hilo tu. Blanketi na sweta. Kwa wiki mbili na zaidi walikuwa hawamjui. Leo wanajua anasikia baridi.

Yu hai. Nimekaa kwenye ngazi ya mlango nikalia, mtu mzima, na jirani akapita akanisalimu nikamwitikia.

Alhamisi, 21 Machi.

Mvua imenyesha tangu asubuhi, ya kwanza. Imetulia.

Nyar Rusinga amekuja. Amefikisha blanketi. Hakumwona mumewe, lakini wamempa shati chafu la kufua. Alikuja nalo. Amesema linanuka tumbaku yake, ile mbaya. Alicheka kidogo.

Blanketi alilikabidhi ofisini kwa Inspekta mwenyewe. Kigari kiko mezani, juu ya mafaili. Mama anayefagia pale hupangusa meza kwa kitambaa kibichi. Kwenye mlango wa nyuma, kushoto, amesema, kuna mstari wa buluu, mwembamba kama ukucha. Nyar Rusinga alikuwa akiutazama. Inspekta akamwona akiutazama. Akanyoosha mkono, akakigeuza kigari, ubavu ule ukaelekea ukutani. Akaandika risiti ya blanketi.

Kwa hiyo anajua. Huenda alijua tangu juzi. Huenda tangu barazani.

Nimemwambia Nyar Rusinga nililopaswa kumwambia Jumapili ile, kwamba nililijua gari lile na nikanyamaza. Akasema, "Nilijua Homa Bay, Mwalimu. Uso wako ulikuwa rangi ya lile gari." Akainuka kwenda kufua shati.

Mfuko wangu, wa siku watakaponijia, nimeuweka karibu na mlango tangu Jumatatu. Blanketi, sweta, sabuni. Leo nimeufungua kuongeza soksi. Kati ya sweta na sabuni nimekuta burashi ya nywele tatu, imeviringwa kwenye karatasi ili isipinde.

Sikuiweka mimi; ni mkono wa Min Atieno. Nimeirudisha palepale.