Kuku Aliyerudi Kutoka Kanisani

Mengo, Kampala
15 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Emérence,

Natumaini barua hii inakukuta goti likiwa limetulia. Je, Bukavu mvua zimeanza? Sisi tu wazima, isipokuwa Mama, aliyelala wiki nzima na malaria. Sasa ameanza kunigombeza tena, basi tunajua anapona.

Kwa kuwa Baba yuko Arua kibiashara, jana mimi ndiye niliyepeleka sadaka yetu ya mavuno. Kanisani kwetu kila nyumba huitwa, ngoma hupigwa, nanyi mnakwenda mbele mkicheza. Miaka yote nimejificha nyuma ya Mama. Jana nilikuwa na kuku tu, yule mwekundu ambaye Mama alimfuga kwa ajili ya mabati mapya ya kanisa, maana paa linavuja juu ya wanakwaya.

Nilitembea kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Kuku ndiye aliyecheza: alipiga mabawa hadi watu wakamshangilia.

Baada ya ibada, vitu vilivyotolewa hunadiwa uani. Mzee Oloya, mpiga ngoma wetu, alimnunua kuku, kisha papo hapo akamrudisha mezani. Nilifikiri amemkataa.

"Mzee, si mgonjwa," nilisema. "Aliyeugua ni Mama, kuku hapana!"

Watu walicheka sana. "Binti, nani amesema anaumwa?" akauliza. "Nikimla leo, amekwisha. Nataka auzwe tena, mabati yaongezeke!"

Kumbe ndiyo desturi ya hapa, nami sijawahi kubaki hadi mnada! Mama Aloyo akamnunua, akamzungusha uani akicheza naye kichwani, naye akamrudisha. Ikawa hivyo tena na tena. Nilikuwa nikijiuliza: mtu anayenunua kitu asikichukue, amenunua nini hasa? Nilipoangalia chini, miguu yangu ilikuwa inacheza bila kuniuliza.

Mnunuzi wa mwisho akaniwekea kuku mikononi, akasema nimpelekee mgonjwa.

Mama aliponiona naye mlangoni, uso ulimbadilika. "Wamemkataa kuku wangu?" Nilijaribu kueleza, maneno yakanikwama kama kawaida yangu. Basi nikamweka kuku kichwani, nikacheza mbele ya kitanda: hivi Mzee Oloya, hivi Mama Aloyo. Mama alicheka hadi akakaa kitako, akaanza kunipigia makofi.

Shangazi, nataka kujua: huko kwenu mnafanya hivyo? Na wewe ulipokuwa msichana, uliwahi kuogopa kwenda mbele? Mama anasema wewe ulikuwa wa kwanza kusimama, lakini siwezi kuamini kwamba mtu huzaliwa hivyo.

Jambo lingine. Asubuhi ya leo kuku ametaga chini ya kitanda. Mdogo wangu Jean-Claude anasema yai ni lake kwa sababu yeye ndiye aliyeliona. Mama anasema ni la kanisa, na Jumapili tutalipeleka. Nimekubali kulibeba mimi, ila sijui mtu anachezaje na yai. Tafadhali nifundishe.

Nisalimie Bibi na dada Blandine. Bwana akulindie goti hilo, ili siku tukikutana twende mbele pamoja.

Binti wa kaka yako, anayekupenda sana,
Princesse