Viti Viwili Kwenye Balenieri

Baba Furaha,

Jana kanisani wamekutaja tena. Shujaa, walisema, mtu aliyetoa uhai wake kwa ajili ya jirani, kisha wote wakanigeukia wakingoja nilie. Sikulia. Nilikuwa na hasira, na hata sasa ninapokuandikia ninayo, nikaona afadhali nikuambie wewe mwenyewe kuliko kuwapigia wengine kelele.

Wazo la safari lilikuwa lako. Treni zilikuwa zimesimama kwa sababu ya vita, kazi ya reli imekwisha, ukawa unashinda uani ukitengeneza milango ya watu bure. Chakula ulikiacha kikapoa kwa sababu umesikia mtu njiani anahangaika na gunia. Nilikusema kila siku mpaka nikachoka. Basi risasi ziliponyamaza kidogo na balenieri, zile boti ndefu za mbao, zikaanza tena kushuka mto Lualaba, ukaniambia: "Mama Furaha, tuende Lokandu. Hapana kwa biashara, hapana kwa kilio. Tutembee tu." Nikauliza ni nani anayetembea tu wakati wa vita. Ukasema, "Sisi."

Nilikuwa sijawahi kupanda boti bila mzigo, wala sikumjua mwanamke wa mji wetu wa Kindu aliyewahi. Kwenye balenieri kila mtu hukaa juu ya mali yake, magunia ya mpunga au madumu ya mawese, na asiye na mali hana pa kukaa. Wewe ukachukua viti vyetu viwili vya sebuleni, vile ulivyovisuka mwenyewe, ukavibeba kichwani hadi bandarini, umevaa shati jeupe la harusi. Watu walicheka wakashika mbavu. Mama mmoja wa mawese akauliza, "Muzigo yenu iko wapi?" Ukamjibu, "Muzigo njo sisi." Nilitaka kujificha. Halafu boti ikaondoka, upepo ukaanza kutupiga, na aibu ikaniisha.

Nilikuwa nimekuomba neno moja tu: usiinuke. Usimshushie mtu gunia, usimsaidie mtu kusukuma boti, ukae na mimi. Ukaweka mkono kwenye goti langu ukasema, "Siinuki kwa muntu." Na kweli, asubuhi nzima hukuinuka. Tulikula wali na samaki wa kukaanga tukitazama vijiji vinapita. Uliniimbia kwa sauti ya chini ule wimbo wa kwaya uliokuwa ukikosea maneno kila Jumapili. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kuwa na wewe namna ile, mzima, wangu peke yangu.

Mchana watu wenye bunduki wakatuita tuegeshe kando ya mto. Walitaka wanaume wa kuwabebea mizigo porini, wakaanza kuchagua. Walipofika kwetu, mkubwa wao aliona shati jeupe, akaona kiti, akadhani wewe ni mtu wa serikali. "Chefu," alikusalimu, akapita. Alipita, Baba Furaha. Walikuwa wamekuacha. Nilikuwa nimeanza kupumua.

Kisha wakamshika mzee aliyekaa nyuma yetu, yule mwenye kikohozi. Nikahisi mkono wako unatoka gotini kwangu. Nikakushika shati, nikakuambia, "Kaa. Uliniahidi." Ukanitazama kwa uso ule ule wa magunia ya njiani, ukawaambia wale watu, "Mumuache ule muzee. Nitabeba miye." Ukashuka. Kifungo cha shati kilibaki mkononi mwangu.

Wenzako walirudi mmoja mmoja. Wewe hukurudi. Mmoja wao alinieleza kwamba huko porini mtu alianguka, ukampokea mzigo wake ukauweka juu ya wako, na hiyo ndiyo iliyokumaliza. Alidhani ananifariji. Alipotoka nilivunja sahani.

Mzee aliishi miaka mingi. Kila Noeli aliniletea kuku, nami nikapika tukala pamoja, kwa sababu yeye hana kosa. Kosa ni lako. Furaha tulikuwa tumemwacha kwa dada yangu, hajajua hata kusema "baba". Wanasema ulikufa kwa ajili ya jirani. Mimi niliyekaa kando yako nilikuwa nani?

Sasa Furaha ni mtu mzima, ana kazi yake, na ana ubishi wako. Wiki iliyopita alikuja akasema, "Mama, tuende Lokandu. Tutembee tu." Sijui maneno hayo aliyatoa wapi, mimi sikuwahi kumwambia. Nilikataa. Nilimwambia ule mto umeshakula cha kwangu. Lakini jana, baada ya kusikia shujaa, shujaa, nilirudi nyumbani nikakaa sebuleni nikikitazama kiti chako, ambacho hakuna mtu ninayemruhusu kukikalia, na nikamwita nikamwambia ndiyo.

Kesho nabeba viti vyote viwili. Wacheke. Chako nitakiweka kando yangu, na yeyote atakayekiomba, hata awe mzee mwenye kikohozi, nitamwambia kina mwenyewe. Nitaweka mkono juu ya kiti hicho mpaka Lokandu. Safari hii utakaa.

Mimi mke wako, na hasira yangu,
Mama Furaha