Mama Mkwe Mbele ya Kamera

Jumatatu, 3 Machi 1958

Nimepangusa lenzi tena, vumbi la jana. Landrova ilipanda mlima wa Sachangwan ikitweta, ukungu umefunika barabara, baridi ya kukata masikio. Bwana Holger anaongea tu. Mdenmaki huyu akianza hana breki. Alianza kwa kufagia jukwaa la thieta kwao, akaja kushika kamera, mwisho akawa mwongozaji. Filamu zake za kuchekesha zilijaza majumba. Halafu mbili zikaanguka, moja baada ya nyingine, na simu ikanyamaza. Sasa watu wa televisheni, hiyo sinema ya kisanduku wanayotazama wakiwa nyumbani, wamempa nafasi moja: filamu ya maisha ya mashambani Kenya. Akirudi na picha mbovu, amekwisha. Alisema hivyo akicheka, lakini hakuwa anacheka.

Mimi ni mkalimani wake. Ameahidi kunitafutia kazi ya filamu Nairobi. Nimechoka na ukarani wa stoo kule Nakuru. Naitaka kazi hiyo mpaka usingizi unanipotea.

Jumanne, 4 Machi

Lo! Kati ya wanawake wote wanaochuma maua ya pareto shambani huku, amemchagua Mama Eseri. Mama mkwe wangu. "Uso ule!" anasema. Anataka awe mama anayempokea mwanawe kutoka mjini. Amkumbatie, amlishe ugali kwa mkono wake. Jairo, mpishi wa shamba, atakuwa mwana. Mzee Andrea, baba mkwe, amekubali.

Sikumwambia Bwana Holger huyu mama ni nani kwangu. Naona haya kueleza mambo ya kwetu kwa Kiingereza, nionekane mshamba. Nilitafsiri nikiwa nimesimama mbali, inavyostahili. Sisi Wamaragoli hatumshiki mama mkwe mkono. Hatuli mbele yake. Nikikutana naye njiani, ninapisha.

Jumatano, 5 Machi

Sijui niandike vipi.

Jairo ameamka na malaria. Na jua lilikuwa limetoka, safi, mara ya kwanza wiki hii. Bwana Holger akazunguka landrova akishika kichwa. Akaniangalia. "Zakayo, vaa koti la Jairo."

Mama Eseri alielewa kabla sijafungua mdomo. Akageuza uso, akasema polepole, "Mwambie mgeni kwamba wewe ni mkwe wangu. Siwezi."

"Anasemaje?" Bwana Holger akauliza.

Nikamjibu, "Anasema yuko tayari."

Hivyo tu. Ulimi haukukwama hata kidogo. Halafu nikamgeukia mama nikaongeza uongo wa pili, kwamba Mzungu huyu akikasirika atamwambia mwenye shamba, na Mzee Andrea atafukuzwa. Mzee mwenyewe alikuwa mbali, huko kwa ng'ombe. Mama akasogea mbele ya kamera.

Alinikumbatia. Alinilisha. Ugali ukaniangukia kifuani, nikaambiwa turudie. Wanawake waliacha kuchuma, wakasimama katikati ya pareto. Hakuna aliyecheka. Bwana Holger alipiga makofi, machozi yanamtoka. Anasema tangu aanze kazi hajapata picha kama hii.

Mimi ni mbwa.

Ijumaa, 7 Machi

Habari imefika Nakuru kabla yangu. Nimemkuta Roda mlangoni, mtoto mgongoni, nguo zimefungwa. Mke wangu ni mtu wa maneno mengi, lakini leo alisema moja tu: "Mama hajala tangu Jumatano." Akaenda kwao. Ningemwomba abaki kwa mdomo gani?

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia Bwana Holger yote. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru.

Alikaa kwenye sanduku la kamera. Halafu akasema, "Zakayo, waigizaji wananikatalia kila siku. Kukataliwa ndiyo kazi yangu. Ungesema hapana, ningetafuta mtu mwingine kabla ya chai."

Kabla ya chai!

Akachukua mkebe wa filamu ya Jumatano, akaufungua palepale, juani. Akavuta utepe wote mpaka ukamalizika, mwanga ukaifuta picha yote. Nikapiga kelele. Ile ndiyo picha iliyokuwa imrudishe kazini kwao, mwenyewe alisema. Ameiunguza kwa sababu yangu, na hata sauti hakupandisha. Kazi ya Nairobi hakuitaja tena. Sikuuliza.

Jumatano, 12 Machi

Ameondoka na treni ya asubuhi. Alinipa mkono. Sikuweza kumtazama usoni.

Jumapili, 16 Machi

Nimepeleka kondoo kwa Mzee Andrea, wa kusafisha jambo lile. Amempokea. Hakunikaribisha ndani, wala sikutarajia. Nikakaa kwenye gogo uani, kofia mkononi. Mvua ilikuwa inakuja.

Mama Eseri alikuwa ndani. Ukuta ni wa udongo, mwembamba. Nilimsikia akimwambia Roda, wazi kabisa: "Mwambie Zakayo kwamba kondoo nimemwona. Lakini mkono wangu bado naunawa, na haujatakata. Asije hapa mpaka nimwite."

Roda akatoka. Akasimama mbele yangu, macho chini.

"Mama anasema asante," akasema.

Nikaitikia, "Haya." Nikavaa kofia, nikateremka kwenda barabarani.