Vidole Tisa Mlangoni pa Ghala

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku Ahero tu wazima. Mama yako anakusalimu, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike. Unauliza kama zile hesabu zenu za shuleni za maji kujaa kwenye tangi zimewahi kumfaa mtu.

Mwaka ule wa mafuriko, bwana shamba mgeni kutoka ng'ambo alipima maji, akatazama saa yake, akatangaza kwa Kiswahili cha kitabuni: "Maji yataingia ghalani saa sita!" Ilikuwa saa tatu asubuhi. Watu wakaanza kukimbia, mpunga wetu wote ukiwa ndani.

Mimi tangu alfajiri nilikuwa nikichora mkaa ukutani. Maji yalipanda kidole kimoja kila saa, na saa hiyo ya tatu kizingiti cha ghala kilikuwa vidole tisa juu yake.

"Rudini! Saa yake ikisema sita, yetu ni kumi na mbili jioni!"

"Mama, umesomea wapi?" mnyapara wa ghala akanicheka.

"Ukutani. Shika gunia."

Gunia la mwisho lilitoka saa kumi na moja. Saa kumi na mbili maji yakaingia, yakakuta ghala tupu. Bwana shamba akavua kofia, sijui kwa heshima ya maji au yangu.

Basi lijaze hilo tangi, ila kwanza uliza saa ni ya nani.

Nyanya yako