Hita ya Oksijeni

Jumanne, 6 Juni

Nimepeleka wanunuzi wa pamba Butiama. Siku hizi kila mwenye mizani ni mnunuzi. Gari limezima tena, kabla ya Kiabakari. Fyuzi ileile. Ikikata hiyo, petroli haipandi. Nikakunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikachomeka, likawaka. Wanunuzi wakacheka. Mimi sikucheka. Fidia yote ya kupunguzwa kiwandani nimeitia kwenye chuma hiki kilichochoka Japani kikaja kufia kwangu.

Dada Nyafuru amekaribia kujifungua. Mtoto wa kwanza alitoka kwa operesheni, na daktari amesema huyu naye azaliwe hospitali, si nyumbani. Yeye hatoki Kibara mpaka shemeji arudi kutoka dago, kambi ya wavuvi kule Rukuba anakovua. Eti pamba itaibwa shambani. Mbishi kama mama. Nimemwahidi kwamba nitakwenda kulala kwake na gari, na uchungu ukianza nitamfikisha Bunda. Naogopa.

Ijumaa, 9 Juni

Musoma. Nimepita kwa fundi umeme wa magari, Buhare. Ile taa ya njano ya injini, isiyozimika siku zote, aliifanya ikonyeze, akahesabu mikonyezo, akafungua kitabu chake cha fotokopi. Akasema, “Hita ya oksijeni. Mwambie fundi wako aangalie waya wake.” Akarudi kwenye gari la mtu mwingine. Foleni ndefu, na abiria wangu walishaanza kununa.

Oksijeni mimi naijua. Ni ule mtungi unaokaa karibu na kitanda cha mgonjwa. Nimeona huyu fundi anajitutumua tu.

Jumamosi, 10 Juni

Nimerudi Bunda kwa Magesa, fundi wangu. Malori ya pamba yote ya hapa yamepita mikononi mwake. Nikamwambia ni hita. Neno oksijeni nililimeza, niliona aibu kulitamka gereji mbele za watu. Akacheka hata hivyo.

“Hita? Bunda hii, na jua hili? Hiyo ni ya Wajapani wenye baridi. Sisi tunaitoaga tu.”

Tukaitoa. Feni ya joto chini ya dashibodi, na mipira yake tukaifunga. Tumezunguka mjini mpaka sokoni, halikuzima. Nimefurahi.

Alhamisi, 15 Juni

Kibara. Barabara mbovu, mashimo matupu. Njiani limenuka kuungua. Halikuzima lakini. Karatasi ya sigara bado ipo kwenye fyuzi, nimeikunja nene zaidi ili isikate.

Nyafuru amevimba miguu. Amenipikia sato na ugali wa muhogo, akanitania kwamba mwenye gari sasa anakula kama padri. Shemeji bado hajarudi.

Ijumaa, 16 Juni

Uchungu ulianza alfajiri. Tukaondoka.

Katikati ya njia moshi ukatoka chini ya dashibodi. Gari likazima. Nikabadilisha karatasi, wapi. Nikasukuma, nikapiga starta, nikalipiga teke. Nyafuru alikuwa kiti cha nyuma, amelalia ubavu, ananiita jina langu la utotoni. Barabara nyeupe, hakuna kitu kinachokuja.

Likaja lori la pamba. Tulimpandisha juu ya magunia.

Dada amepona. Mtoto alikuwa ameshafariki tulipofika. Wa kiume.

Jumapili, 18 Juni

Jana tumezika. Shemeji alifika na mtumbwi asubuhi. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Leo gari limevutwa mpaka Bunda. Nimeingia chini yake mwenyewe, mkeka mgongoni. Kwenye bomba la ekzosi kimefungwa kitu mfano wa plagi. Waya nne zinatoka, mbili za rangi moja. Hizo mbili zimeegemea bomba, ganda limeyeyuka, shaba inagusa chuma. Kwa kuwa karatasi yangu haikukata, moto umepanda na waya mpaka juu, ukaunguza na waya wa pampu ya petroli.

Nikachomoa soketi ya kile kitu. Nikaunga waya wa pampu, nikaweka fyuzi ya kweli. Likawaka. Nikaliacha lingurume mpaka bomba likawa la moto kabisa. Fyuzi ikashika.

Magesa alikuja, akachuchumaa, akaangalia muda mrefu. Akasema ndicho kinachopima oksijeni kwenye moshi, na hita yake imo ndani. Akaleta mita, akapima zile waya mbili upande wa kile kitu. Hita yenyewe nzima. Ilikuwa waya tu.

“Hukuniambia ni ya ekzosi.”

“Aliniambia ya oksijeni. Sikukuambia.”

Tukaweka waya mpya, tukazivisha mpira, tukazifunga mbali na bomba. Kazi ya mchana mmoja. Taa ya njano imezimika. Najichukia.

Jumanne, 27 Juni

Nyafuru ametoka hospitali. Hakutaka kupanda basi kwa sababu ya mshono, kwa hiyo nimempeleka mimi. Alikaa nyuma, peke yake, khanga begani. Nilikwepa kila shimo.

Gari limekwenda vizuri. Halikunuka, halikukohoa, halikuzima hata mara moja. Pale tuliposimama siku ile tulipita bila kupunguza mwendo.

Tulipofika uani kwake hakushuka mara moja. Alishika mgongo wa kiti changu.

“Kumbe hii gari inafikaga,” akasema.

Nikamfungulia mlango.