Uzi wa Rangi ya Chungwa

Dukani, Asiatique, Bujumbura
Jumatatu baada ya adhuhuri

Mdogo wangu mpendwa Houda,

Assalam alaykum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima, masomo ya uuguzi yanakwenda, na Kigoma haijakukondesha zaidi ya ulivyoondoka. Sisi huku tupo. Mama anakusalimu sana na anauliza kama unakula chakula au unashindia chai. Magoti yanamsumbua mvua ikikaribia, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Habari za Baba nitakupa zikifika mahali pake, kwa hiyo usiruke mistari kama kawaida yako.

Ningekutumia sauti kwa simu, lakini wewe husikiliza sauti zangu bwenini, wenzako wamekuzunguka, na haya si mambo ya kusikilizwa na bweni zima. Jirani yetu Tajudini anapanda meli ya mizigo wiki hii kuja huko. Nimemwambia akupe mkononi, na asipite kwanza kwa shangazi.

Unakumbuka yule Ilias wa benki alipoleta posa, Baba alisema hatujibu neno mpaka achunguzwe, na kazi hiyo nikapewa mimi, kaka yako mkubwa. Wewe mwenyewe ulisema utafuata nitakachosema. Basi nimemchunguza. Nitakueleza kwa jinsi nilivyoona, hata pale ninapojiaibisha.

Kwanza ujue biashara ilivyo siku hizi. Kuvua samaki kumekuwa starehe ya wakubwa. Petroli ikipatikana tu, wanateremka kutoka majumba yao ya mlimani Kiriri na magari yao, wametazama video za Wamarekani wiki nzima, wanataka vifaa vya kuvulia bass. Huyo bass ni samaki wa huko kwao. Tanganyika hajawahi kutia pezi. Ukimwambia Népomuscène, yule mkurugenzi mwenye koti la mifuko mingi, kwamba ziwani kwetu kuna kuhe, kuna sangala, kuna mukeke, anakutazama kama umemkosea adabu. Anataka chambo cha chura wa mpira. Anataka fimbo ya kuvulia ya maji meupe na fimbo nyingine ya maji ya tope, na miwani ya kulingana na fimbo. Juzi alitaka mpaka marashi ya kupaka kwenye chambo, kichupa chenye mdomo mwembamba wa kudondoshea, eti samaki akinusa tu anakuja mwenyewe. Mimi namuuzia anachotaka. Akishatoka namuigiza anavyotembea, na waliobaki dukani wanacheka hadi wanashika kaunta.

Baba naye, pale kwenye kiti chake karibu na mlango, zamani alikuwa anacheka pamoja nasi. Miezi hii alikuwa hacheki. Nilidhani ni uzee.

Mtu anayeanza kuvua, mimi ushauri wangu ni mfupi, na ninautoa bure hata kwa asiyeustahili. Chukua fimbo moja ya wastani, inayopinda kwenye ncha. Chukua muline ndogo, lile gurudumu la kukunjia uzi, isiyo na mbwembwe. Uzi uwe mwembamba, usioonekana majini, maana kuhe ana macho kuliko polisi wa barabarani. Ndoano ndogo, risasi kidogo ya kuzamisha. Ukishafika majini, funga mdomo. Anayeona hayo ni magumu, wapo wauza mukeke wa kukaanga pale ufukweni, akale aende nyumbani.

Sasa bwana wako Ilias akaja dukani. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, kalamu mfukoni. Akasema anataka kujifunza kuvua. Nikamtolea uzi wangu mzuri kuliko yote, ambao hata Népomuscène nilimficha. Akaunyoosha kwenye mwanga wa mlango, akatikisa kichwa, akaniita kaka mkubwa kwa Kifaransa chake.

"Apana, grand frère, hii haionekane. Mi nataka ile ya orange, ile mutu anaona."

Houda, ule uzi wa rangi ya chungwa nililetewa kwa makosa, mnene, mkali kwa macho, nikawa naufungia vifurushi vya wateja. Mtu ananiambia anataka kuvulia huo. Nikamweleza kwa upole wangu unaoujua kwamba kwa uzi ule afadhali akafunge mbuzi. Watu wakacheka. Yeye akatabasamu tu, kama mtu asiyejua kwamba anatukanwa, akaendelea kuchagua: ndoano kubwa zenye tundu pana la kupitishia uzi, ambazo hapa hanunui mtu, na kengele ndogo ya kubana kwenye ncha ya fimbo ili ilie samaki akiuma. Kengele, kama ya baiskeli. Nikaona nimemaliza kumchunguza siku ile ile. Mwanaume asiyesikia ushauri kwenye uzi, kwenye nyumba atasikia wapi?

Kilichoniuma zaidi ni kwamba Baba alimpenda. Walijuana Buyenzi, msikitini. Ijumaa moja Baba alitoka na ndara za Ilias badala ya zake, na huyu bwana, badala ya kudai zake, akamsindikiza miguu mitupu mpaka nyumbani wakizungumza, akanywa chai, akaondoka na ndara za Baba zilizochakaa. Ndiyo siku aliyokuona wewe ukiwa likizo. Mimi nilipoisikia habari hiyo nilisema huyu ni mtu wa kunyang'anywa kila kitu huku anashukuru.

Na Jumapili wakawa wanakwenda ziwani, wao wawili. Baba aliyenifundisha mimi kufunga ndoano kabla sijajua kusoma, tangu mvua za mwaka jana hakunichukua tena. Nikiomba, anasema mashua ni ndogo. Nikisema nitakodi kubwa, anasema duka litabaki na nani, wakati Jumapili tunafunga. Nilijidai sijali. Nilijali sana, mdogo wangu, mpaka ladha ya chakula ikanipotea.

Jumapili iliyopita nikajilazimisha kwenda. Nilimwambia Baba kwamba siwezi kumaliza uchunguzi bila kumwona mtu majini, akakubali. Asubuhi, wakati anaswali, nikafungua mfuko wake wa kuvulia. Fimbo yake ile ya siku zote ilikuwa imevishwa uzi wa rangi ya chungwa, na kengele ipo. Nilitaka kulia kwa hasira. Nikautoa uzi wote nikaweka wangu mwembamba, nikafunga ndoano ndogo ya maana, kengele nikaitupa chini ya kabati. Halafu ndani ya kopo la ndoano nikakuta kichupa chenye mdomo wa kudondoshea. Nikasema, kumbe amemfikisha Mzee mpaka kwenye marashi ya chambo. Nikakitia mfukoni nije kuwaonyesha watu dukani, tucheke.

Tulikwenda njia ya Rumonge, kule penye mawe, tukachukua mashua. Ilias alikaa ubavuni mwa Baba na hakunyamaza hata kidogo. Mawe yanakuja kushoto, Mzee. Kuna mashua nyingine mbele, wamesimama, wana wavu. Maji hapa yamekuwa ya kijani. Nikamwambia samaki wote wameshafika Kongo kwa kelele zake. Akaomba radhi, akaendelea. Kisha akamwomba Baba amwonyeshe tena jinsi ya kufunga fundo, akamwekea uzi na ndoano kwenye vidole. Baba akafunga. Akaomba tena. Mtu anayehesabu fedha za watu, miezi yote hii hajui fundo moja. Kichwani nilikuwa nimeshakuandikia barua hii, na ilikuwa na neno moja tu.

Ndipo Baba akachukua fimbo yake. Akapapasa ncha, akapapasa chini ya ncha, akarudi tena juu, polepole, uso wake umeelekea majini. Niliona anatafuta kitu, nikadhani anatafuta kengele. Akavuta mkono kwa nguvu kidogo, na ile ndoano yangu ya maana ikaingia kwenye kidole gumba mpaka ikapotea. Aliinua tu mkono, na damu ikashuka kwenye mkono wa kanzu.

Ilias akaushika ule mkono na kuuliza nani amebadilisha uzi wa Mzee. Nikasema ni mimi. Nikaanza hata kueleza faida za uzi mwembamba, Mungu anisamehe, kwa sauti ile ile ninayowaelezea wateja.

Baba akageuza uso, akatazama juu ya bega langu.

"Chabani, uko upande gani?"

Houda, magoti yetu yalikuwa yanagusana.

Nitakuandikia kama nilivyoambiwa mle mashuani, Ilias akiitoa ndoano na Baba akiwa amekaza meno. Ni presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto linaona kama kupitia tundu la kufuli, na rangi kali tu ndiyo inayomfikia sawasawa. Ilias aliigundua siku ile ya ndara, kwa sababu shangazi yake alianza hivyo hivyo, na ndiyo maana alimsindikiza miguu mitupu, ili asimwache peke yake barabarani. Yeye ndiye aliyempeleka kwa daktari. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa, tone asubuhi na tone jioni, bila kukosa. Baba akasema dawa anaificha kwenye kopo la ndoano, kwa kuwa hapo Mama hagusi. Akaliomba kopo. Nikatia mkono mfukoni nikamtolea kile kichupa, na hakuna aliyeniuliza kilifikaje mfukoni mwangu.

Uzi wa chungwa ni kwa sababu anauona. Ndoano kubwa ni kwa sababu tundu lake analipata kwa kidole. Kengele inamwambia samaki ameuma. Na zile kelele zote za mawe na mashua zilikuwa macho ya Baba. Fundo Ilias analijua tangu zamani, alikuwa anaomba kufundishwa ili Mzee abaki kuwa mwalimu.

Nikamuuliza Baba kwa nini alimwambia mtu wa nje, akaniacha mimi mwanawe ninayekaa naye kutwa dukani.

"We unacheka batu benye hawawezi kufunga fundo," akasema. "Mi sikutaka unicheke."

Nilitaka kumwambia kwamba yeye nisingemcheka. Nikafungua mdomo kabisa. Lakini ningemcheka, Houda. Kabla ya kujua, ningemwona anapapasa ndoano pale mlangoni, ningesema neno, na duka zima lingecheka, naye angekuwa amekaa hapo hapo kwenye kiti chake. Labda nimeshamcheka, na sikumbuki.

Mama tulimwambia jioni ile ile tuliporudi. Alilia, akakasirika, akatugombeza wote watatu, kisha akahamisha dawa na kuiweka karibu na sukari, na sasa yeye ndiye mwenye kudondosha. Wewe unasomea mambo haya. Waulize walimu wako kuhusu presha ya macho, uniandikie kila kitu, na usinifichie kibaya. Sisi watoto wake pia inafaa tupimwe, daktari alisema ugonjwa huu hupita kwenye damu.

Sasa jibu la uchunguzi. Ilias si mvuvi na hatakuwa mvuvi. Jumapili ile ile alinasa kofia yake mwenyewe kwa ndoano, hiyo haikuwa ya kuigiza. Anavaa viatu vya ofisini mashuani. Lakini alikuja dukani kwangu kumnunulia mzee wa watu uzi, akatukanwa mbele ya wateja na shemeji yake mtarajiwa, na neno moja tu lingeninyamazisha. Hakulisema, kwa kuwa alikuwa amemwahidi Baba. Mimi nasema ndiyo. Ila usimkubali kwa kumlipa kwa ajili ya Baba, hakuna anayekudai hilo, Baba mwenyewe amesema nikuandikie hivyo. Mkubali kama moyo wako unamtaka. Kama haumtaki, sema, na mimi nitakwenda kumwambia mwenyewe, kwa adabu, ikibidi miguu mitupu.

Leo asubuhi kabla ya kufungua duka nilikaa karibu na kiti cha Baba, nikafumba macho, nikajaribu kufunga ndoano kwa kupapasa, kwa uzi ule ule niliokuwa nausifia. Nilishindwa. Nilijaribu tena, nikajichoma. Baba alisikia nilivyoguna, akauliza ninafanya nini, nikamwambia. Houda, alicheka. Alicheka mpaka akatoa machozi kwenye macho yote mawili, nami nikakaa pale nikachekwa. Kisha akanyoosha mkono, akaniambia nimpe uzi anionyeshe.

Wasalimie wenzako wote, na mwambie yule mlezi wa bweni lenu kwamba ndagala zake, dagaa wetu wa huku, zinakuja na Tajudini. Mama anakubusu. Baba anasema ujibu mapema, na barua ije kwa jina lake, nitamsomea mimi.

Uzi wa rangi ya chungwa nimeagiza mwingine, na uliobaki nimeuweka rafu ya mbele. Népomuscène aliuona leo akacheka. Nimemwambia anayetaka kucheka aende duka jingine.

Ni mimi kaka yako,
Chabani