Kulwa, Wastani Wetu Umenichosha

Kulwa, pacha wangu,

Nikipita mtaa wa Kambarage bado nasalimiwa, "Kulwa na Doto, hamjambo?" nami niko peke yangu na ndoo kichwani. Nimechoka kueleza. Siku hizi najibu, "Hatujambo," napita zangu.

Wewe ulitangulia kuzaliwa ukaitwa Kulwa, mimi nikafuata nikaitwa Doto, na tangu hapo hakuna aliyetuona mmoja mmoja. Unakumbuka duka la yule mzee wa Kihindi, miaka ya uhaba, nguo zikija kwa mgawo? Alisema kila nyumba kipande kimoja. Mama akaketi palepale mlangoni. "Mapacha hawapewi kimoja, mzee wangu. Ukimpa huyu, yule anaugua." Alikaa mpaka mzee wa watu akasalimu amri, akakata cha pili. Watu wa foleni walitutukana, wewe ukawatolea ulimi.

Na shuleni je! Siku tuliyofundishwa wastani, wewe ulikuwa umepata themanini, mimi arobaini. Ukanyoosha mkono: "Mwalimu, sisi ni mapacha. Tuandikie sitini sitini." Darasa zima lilicheka, mwalimu naye. Siku ile ungeniambia nikufuate popote, ningekufuata.

Sasa uko huko Geita, kama bado uko. Ulisema unakwenda kuwapikia wachimbaji wa dhahabu msimu mmoja tu, urudi kabla ya kuvuna pamba. Pamba imevunwa, ikapandwa, ikavunwa tena na tena. Mama miguu inamsumbua. Nalima mimi, nachota maji mimi, namkanda mimi. Kwa hesabu yako, kila mmoja wetu amefanya nusu. Hongera basi! Wewe umepotelea mbali, mimi sijatoka uani. Kwa wastani tunaishi njiani, porini.

Nina hasira na wewe, Kulwa. Na nimekukumbuka mpaka basi.

Masanja, yule fundi baiskeli, ameleta posa. Mama alikataa. "Nyumba hii mapacha hawatolewi mmoja mmoja. Kulwa ndiye mkubwa, atangulie." Nilichukua ndoo nikaenda kisimani. Nilijua nitazeekea palepale.

Juzi wazee wa Masanja walirudi, na vitenge viwili vinavyofanana, maana nao ni Wasukuma kama sisi, wanajua mapacha hupewa sawa. Mama akavipapasa, akaviweka mapajani, akatazama mlango kwa muda mrefu. Halafu akanipa kimoja. Kimoja tu, Kulwa! Tangu tuzaliwe hajawahi.

"Vaa, mwanangu. Utazeeka ukimngoja mwenzio," akasema.

Nikaangua kilio, wazee wa watu wakadhani nakataa posa. Ilibidi mama awatulize kwa uji.

Naolewa Jumamosi. Kitenge chako nimekitandika upande wako wa kitanda. Barua hii nampa dereva wa lori la pamba, awasomee watu popote penye machimbo, maana sijui uko shimo gani. Kama uko hai, njoo ukivae, nikugombeze vizuri. Kama hupo tena, aliyekuzika atuambie, mama apumzike kutazama mlango.

Maisha yetu yote wewe ulipita mbele, nami nikasubiri zamu yangu nyuma yako. Nimechoka, dada yangu. Safari hii natangulia mimi.

Pacha wako aliyekufuata,
Doto